Vita vya Kale kati ya Majoka na Wanadamu: Mwongozo Kamili wa Kuvijenga Visiporomoke

Waandishi wengi wa ulimwengu wa kubuni hukwama palepale. Wanaandika kwamba hapo kale majoka na wanadamu walipigana, miji ikateketea, mashujaa wakafa, kisha amani ikaja. Msomaji anauliza swali moja tu: kama joka linaruka na kutema moto, kwa nini halikummaliza mwanadamu wiki ya kwanza? Jibu halipo, na vita vyote vinaporomoka.

Mwongozo huu unafaa kwa riwaya, katuni au mchezo. Msimamo wake ni mmoja: vita vya aina hii hujengwa kwanza kwa hesabu, kisha huvunjwa makusudi ili msomaji akutane na vipande vyake tu. Ukiruka hesabu, vipande havitaungana. Ukiruka kuvunja, vita havitakuwa vya kale, vitakuwa taarifa ya habari yenye majoka ndani yake.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la vita peke yake, mbali na mswada. Vikichanganyika utashawishika kumwaga daftari zima kwenye sura ya kwanza.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.
- Ramani ya kuchora kwa mkono yenye kipimo, mfano sentimita 1 kwa kilomita 10. Ramani isiyo na kipimo ni pambo.
- Vipande vya karatasi kama 30, ukubwa wa karata.
- Mtu mmoja ambaye hajui lolote kuhusu hadithi yako. Usimsimulie kitu hadi hatua ya mwisho.

Kama ulimwengu wako una uchawi, utumie kama silaha nyingine yoyote: una bei, una kikomo, na mtu fulani hana.

## Hatua ya 1: Tafuta kitu kisichogawanyika

Andika sentensi moja: majoka yanataka nini, wanadamu wanataka nini, na kwa nini wote wawili hawawezi kukipata. Malisho, mapango yenye joto la kuatamia mayai, mto pekee usiokauka, mlima wenye madini. Kiwe kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole kwenye ramani.

"Majoka yalikuwa maovu" si sababu ya vita. Uovu hauna mahali, hauna mwisho, na hauelezi kwa nini vita vilianza mwaka ule badala ya miaka hamsini kabla. Kitu chenye mahali kinakupa uwanja wa mapigano, njia za jeshi na masharti ya amani, vyote kwa mpigo.

Ukikwama hapa, nenda hatua ya 2 na urudi. Mara nyingi tumbo la joka ndilo linalotoa jibu.

## Hatua ya 2: Pima joka kabla hujalirusha

### Uzito

Ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu, upana na kimo, eneo la mbawa zake linaongezeka mara 4, lakini uzito unaongezeka mara 8. Ndiyo maana wanyama wakubwa hawaruki. Miongoni mwa wakubwa kabisa waliowahi kuruka ni Quetzalcoatlus, mtambaazi wa enzi za dinosaria. Mbawa zake zilifika mita 10 hadi 11 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wake hukadiriwa kuwa kilo 200 hadi 250.

Joka la tani 2 tayari limeuvuka mpaka huo mara nane au zaidi. Unaruhusiwa kuuvuka, ila lipia. Chagua sababu moja, kwa mfano gesi nyepesi kwenye mifuko ya mwili, au hewa nzito kuliko yetu, au uchawi, kisha uifanye sababu hiyo iwe pia udhaifu. Joka linaloelea kwa gesi inayowaka halipendi mshale wenye moto.

### Chakula

Sehemu hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba vita vyote. Fuata mfano huu, kisha weka namba zako:

- Joka la tani 2 linalokula asilimia 2 ya uzito wake kwa siku linahitaji kilo 40 za nyama.
- Ng'ombe mmoja akitoa kilo 200, anatosha siku 5. Kwa mwaka ni ng'ombe 73.
- Majoka 100 yanahitaji ng'ombe 7,300 kwa mwaka.
- Kama kundi linaweza kuvunwa moja ya kumi kila mwaka bila kupungua, majoka hayo yanahitaji kundi la ng'ombe 73,000.
- Kwa hekta 5 kwa kila ng'ombe, hayo ni malisho ya kilomita za mraba 3,650, yaani duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 34 hivi.

Lichore duara hilo kwenye ramani. Kila kijiji kilichomo kiko vitani hata kama hakijui. Hapo sababu ya vita imejitokeza yenyewe: kundi haliwezi kulisha pande mbili.

Kama 34 ni ndogo mno kwa hadithi yako, ongeza majoka au ukavu wa ardhi. Kama ni kubwa mno, fanya majoka yawe ya damu baridi. Mamba huweza kukaa miezi bila kula, na joka la namna hiyo linatulia muda mrefu kisha linakuja na njaa kali. Hilo linabadili kabisa mwendo wa vita, na kwa maoni yetu linaleta hofu kubwa kuliko joka linalokula kila siku.

### Moto

Andika namba nne: pumzi ngapi kabla ya kuishiwa, kila pumzi sekunde ngapi, unafika mita ngapi, na huchukua muda gani kujaa tena. Mfano: pumzi 5, sekunde 3, mita 40, siku 2.

Kikomo hiki si cha kubuni tu. Yupo mbawakawa anayehifadhi kemikali mbili, haidrojeni peroksaidi na haidrokwinoni, katika kifuko kimoja cha tumbo, na vimeng'enya, yaani vichocheo vya kuziunguza, katika chumba cha pili. Vikikutana, mchanganyiko unafika karibu nyuzi joto 100 na kufyatuka kwa adui. Kifuko kikiisha, hana silaha mpaka kijae upya.

Amua pia joto la moto, maana ndilo litakaloamua magofu yako yatafananaje. Mti mkavu huwaka kati ya nyuzi 250 na 300 hivi. Madini ya risasi huyeyuka kwa 327, shaba kwa 1,085, chuma kwa 1,538. Mawe yenye kwatzi hupasuka yakivuka takriban 573. Ukichagua 700, paa zitaungua na mawe yatapasuka, lakini panga za chuma zitabaki panga. Ukiandika 700 hapa na sura ya tisa ukayeyusha lango la chuma, msomaji makini atakushika.

Umefanikiwa kama unaweza kujibu, bila kufikiri, ni mambo gani matatu joka lako haliwezi kufanya.

## Hatua ya 3: Wape wanadamu njia ya kushinda

Kosa la kawaida ni upanga wa ajabu au mtoto aliyetabiriwa. Vyote viwili vinaeleza jinsi joka moja lilivyokufa, ila havielezi jinsi taifa la majoka lilivyoshindwa. Jibu limo kwenye uzazi.

Chukua majoka 100, nusu majike. Kila jike linataga yai 1 kila miaka 10, na nusu ya makinda inakua. Hayo ni majoka 2.5 mapya kwa mwaka, yaani ongezeko la asilimia 2.5. Vifo vya uzee tumeviacha ili hesabu iwe nyepesi. Sasa angalia kinachotokea wanadamu wakiua kiasi kilekile kila mwaka:

- Wakiua 2 kwa mwaka, majoka yanaongezeka. Baada ya miaka 100 yamepita 300.
- Wakiua 3, majoka yanaisha baada ya miaka 72 hivi.
- Wakiua 4, yanaisha baada ya miaka 40 hivi.

Tofauti ya kushinda na kuangamia ni joka moja kwa mwaka. Rudia hesabu hii kwa namba zako mpaka uupate mstari huo, maana vita vyako vyote vinapigwa juu yake. Kila jemadari, kila usaliti, kila uvumbuzi wa silaha unahusu kuivusha namba upande mmoja au mwingine.

Linganisha na upande wa pili. Watu milioni 1 wanaoongezeka kwa nusu ya asilimia hupata watu 5,000 zaidi kila mwaka. Wakipoteza 3,000 kuua majoka 3, bado hawapungui. Ni hesabu ya kutisha, na inafaa iwatishe wahusika wako pia: mtu fulani mwenye daftari alikaa akaamua kwamba watu elfu moja kwa joka moja ni bei inayolipika. Mpe jina mtu huyo. Huyo anakupa riwaya kuliko shujaa mwenye upanga.

### Namna ya kuua joka moja

Warumi walikuwa na mitambo ya kurusha mishale mizito zaidi ya mita 200. Moto wa joka letu unafika 40. Juu ya karatasi mwanadamu ameshashinda, lakini mtambo wa namna hiyo haugeuki haraka, na joka lililo angani halisimami. Kwa hiyo joka huuawa chini: linapokunywa, linapokula, linapolala baada ya kushiba, linapoatamia. Panga mauaji yako hapo:

1. Acha mifugo mahali palipochaguliwa, penye mawe ya kuficha mitambo.
2. Subiri lile na kushiba. Kuruka ukiwa na tumbo lililojaa kunachelewesha.
3. Lenga mbawa kwanza, si moyo. Joka lisiloruka limepoteza nusu ya vita.
4. Funika mitambo kwa ngozi mbichi zilizoloweshwa. Majeshi ya kale yalifanya hivyo hasa, kuzuia moto wa waliozingirwa.

Majoka yana akili? Basi mtego uleule haufanyi kazi mara ya tatu. Andika yalijifunza nini, na watu wakabadili nini.

### Namna ya kutokufa

Watu wanahitaji pa kujificha. Derinkuyu, huko Uturuki, ni mji uliochimbwa chini ya ardhi hadi kina cha mita 85 hivi, wenye mazizi, maghala, visima na milango ya mawe ya duara inayoviringishwa kuziba njia. Hukadiriwa kwamba ungeweza kuwahifadhi watu hadi 20,000. Ukichimba mji kama huo kwenye hadithi yako, kumbuka matundu ya hewa. Joka lenye akili litayatafuta hayo kwanza, maana moshi unaua bila kuhitaji kuwafikia watu.

Umefanikiwa kama unaweza kusimulia vita mara mbili, mara moja majoka yakishinda na mara nyingine wanadamu, na tofauti ikawa uamuzi mmoja au miwili tu.

## Hatua ya 4: Lisha jeshi, kisha panga mapigano

Askari anahitaji takriban kilo 1 ya nafaka kwa siku. Askari 10,000 wanakula tani 10. Mkokoteni ukibeba kilo 500, jeshi linahitaji mikokoteni 20 kila siku, bila kuhesabu chakula cha wanyama wanaoivuta. Jeshi linatembea kilomita 20 hivi kwa siku. Joka linaloruka kilomita 60 kwa saa linamaliza safari hiyo kwa dakika 20.

Hapo kuna mambo mawili. Jeshi haliwezi kulifukuza joka, na joka halina haja ya kulishambulia jeshi. Linachoma mikokoteni, linaondoka. Baada ya siku chache askari wanatawanyika wenyewe kutafuta chakula.

Kwa sababu hiyo usiandike mapigano ishirini. Andika matatu hadi matano, kila moja kwenye karatasi yake: mahali, majira, nani alikuwa na njaa, nini kilibadilika baadaye. Pigano lisilobadilisha kitu litupe. Mengine yote yawe ya kuchosha: maghala yaliyochomwa, mifugo iliyohamishwa usiku, viota vilivyopekuliwa.

Angalia majira. Nyasi zikikauka, moto wa joka unasafiri kilomita nyingi bila joka. Mvua ikinyesha, mikokoteni inakwama, lakini paa haziwaki. Kila upande una majira yake ya kushambulia.

## Hatua ya 5: Maliza vita bila kuwamaliza wote

Ukiua majoka yote hakuna wa kukumbuka upande wao. Acha machache, na uamue yako wapi. Kisha andika masharti ya amani, matatu tu, yanayotokana na kile kitu cha hatua ya 1: nani anakaa wapi, nani analipa nini, nani asikanyage wapi. Ongeza sharti moja lililoandikwa kizembe, ambalo kila upande unaweza kulisoma kivyake. Hilo ndilo litakalopasuka kwenye hadithi yako ya sasa.

## Hatua ya 6: Zeesha vita

Hadi hapa una vita. Bado si vya kale. Chagua umri, kisha ondoa kile ambacho muda ungeondoa.

Miaka 100: wajukuu wa walioona bado wapo. Majina yako sahihi, chuki ni mbichi.

Miaka 1,000: mbao zimeoza isipokuwa pakavu sana au ndani ya tope. Chuma kimekuwa kutu. Lugha imebadilika kiasi kwamba maandishi ya wakati ule yanahitaji mtaalamu.

Miaka 3,000: yamebaki mawe, vyungu, dhahabu, kioo na baadhi ya mifupa kutegemea udongo. Falme zote mbili zimesahaulika, na watu wanaoishi pale huenda si wazao wa waliopigana.

Sasa jambo ambalo wengi huliandika kinyume. Moto hauchomi kumbukumbu zote. Huko Pylos, Ugiriki, ikulu iliteketea karibu mwaka 1200 KK, na moto uleule ukavioka vibao vya udongo usiochomwa vilivyokuwa na hesabu za mali. Kama isingeteketea, vibao hivyo visingedumu. Kwa hiyo katika ulimwengu wako miji iliyochomwa na majoka ndiyo yenye kumbukumbu, kama watu waliandika kwenye udongo, na miji iliyookoka haina kitu. Msomi wako anachimba mahali palipolaaniwa si kwa ujasiri, bali kwa sababu kwingine kote hakuna cha kusoma. Tena anachokipata si masimulizi ya vita. Ni orodha ya kondoo, mafuta na mishahara, na siku ambayo orodha inakatika.

Mawe pia hushuhudia. Scotland kuna ngome za kale ambazo sehemu za kuta zake ziliungua hadi mawe yakayeyuka na kugandamana kama kioo. Rudi kwenye joto ulilochagua hatua ya 2 na uangalie kama kuta zako zinaruhusiwa kufanana na hizo.

Mifupa nayo hudanganya. Huko Klagenfurt, Austria, fuvu la kifaru mwenye manyoya lilidhaniwa kuwa la joka, na likawa kielelezo cha kichwa cha sanamu ya joka ya mji huo. Katika ulimwengu ambamo majoka yalikuwapo kweli, weka angalau fuvu moja la uongo linaloheshimiwa, na moja la kweli linalotumika kama kigoda.

## Hatua ya 7: Andika kumbukumbu zinazopingana

Chagua tukio moja tu kutoka kwenye karatasi za hatua ya 4, kisha liandike mara mbili, kila upande kwa sauti yake. Utenzi unafaa sana: mizani 8 kwa kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina chake. Ufupi wake unakuzuia kueleza mno.

Wanadamu wanaimba:

*Mbingu zikawaka moto,*
*Wakalia na watoto,*
*Ukakauka na mto,*
*Pasisalie mchunga.*

Majoka yanasema:

*Walikuja na mikuki,*
*Wenye nia ya hilaki,*
*Na mayai hayabaki,*
*Pasisalie makinda.*

Hakuna upande uliodanganya. Kila mmoja umeanza kuhesabu kwenye maiti wake wa kwanza. Ukiona upande mmoja unaongopa waziwazi, umeandika propaganda. Inaweza kukufaa, ila iwe kumbukumbu ya tatu, iliyoandikwa na mfalme aliyezaliwa baadaye na kuhitaji ukoo wenye sifa.

Onyo kuhusu lahaja ya kale: maneno mawili matatu ya kizamani kwa ubeti yanatosha. Zaidi ya hapo msomaji anaruka shairi.

## Hatua ya 8: Tawanya, kisha jaribu

Andika kila kipande kwenye karatasi yake: kibao cha udongo, ubeti, jina la mlima lisiloeleweka, desturi ya kutowasha moto usiku fulani, sharti la mkataba, fuvu. Vikifika 15, changanya. Katika sura tano za kwanza tumia vitano tu, na visikae viwili kwenye ukurasa mmoja. Mhusika anayesimama kueleza vita vyote kwa mzee anayeuliza maswali, mfute.

Sasa mwite yule mtu asiyejua kitu. Mpe vipande hivyo vitano, bila maelezo, na umuulize maswali matatu: nani alianza, nani alishinda, na vita viligombaniwa nini?

- Akijibu yote matatu bila kusita, umefichua mno. Ondoa kipande kilicho wazi kuliko vyote, kawaida ni mkataba.
- Asipoweza kujibu hata moja, rudisha kipande kimoja chenye namba. Orodha ya ng'ombe hufanya kazi vizuri kuliko unavyodhani.
- Akijibu la tatu kwa uhakika, akabahatisha la pili, na la kwanza akabishana nawe, acha vipande kama vilivyo na uanze kuandika.